Nyuki wa Kichuguu na Nyuki wa Gogo

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hata leo nikiikumbuka najicheka, kisha naacha kucheka. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na sita, nikiishi na bibi yangu kule Ndalambo. Pembeni mwa shamba letu la mahindi palikuwa na kichuguu, na ndani yake walikaa nyuki wadogo wasiouma. Asali yao ndiyo iliyokuwa dawa ya kifua cha bibi kila kipupwe. Kichuguu kingine chenye nyuki hatukuwa nacho.

Bibi akavuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kumwona dada yake. Mimi nilikuwa nimeona kwa mzee mmoja wa kijiji cha Mpemba nyuki kama hao, wadogo, weusi, wakikaa raha mustarehe ndani ya gogo upenuni. Nikasema, bibi akirudi awakute nyuki wake nyumbani, asihangaike kwenda shambani na kifua kile. Kuuliza si ujinga, lakini sikumuuliza mtu. Nikachonga gogo, nikakibomoa kichuguu kwa jembe, nikawahamisha nyuki na majana, yaani watoto wao. Nilijiona fundi kweli.

Siku ya tano gogo lilinuka asali iliyochacha, na sisimizi walikuwa wakibeba majana. Nyuki wenyewe, kimya.

Bibi aliporudi alilitazama gogo, akaketi.

"Mjukuu wangu, nani alikwambia hawa ni wale wa Mpemba?"

"Wanafanana, bibi. Rangi moja, umbo moja."

"Ulitazama mdudu, hukutazama makao yake. Wale huishi ndani ya mti. Hawa wanaishi kwa joto la mchwa."

Hakunifokea. Alinipeleka kwenye kifusi cha kichuguu, akaokota mrija mfupi wa nta, akaniwekea kiganjani. Ulikuwa mlango wao, uliokuwa umechomoza ardhini siku zote, nami nikiupita tu.

Kipupwe kile bibi alikohoa bila dawa, na kila kikohozi nilikisikia. Wanasema majuto ni mjukuu; mjukuu mwenyewe nilikuwa mimi.

Namshukuru Mungu, aliuvuka msimu ule. Leo nina magogo yangu ya nyuki hapa kijijini Ruanda, na wa kichuguuni nawarina asali palepale, kidogo, kisha nafukia shimo. Asali ipo, nami nimeridhika.

Basi mwanangu, ukiona viwili vinafanana, usiamue kwa rangi. Tazama kila kimoja kinaishi wapi na kwa nini. Na ukitaka kumtendea mtu wema, muulize kwanza. Bibi yangu nilimpenda kuliko watu wote, na ni mimi niliyemnyima dawa yake. Mungu akupe macho yasiyo na pupa, na akuwekee wazee wako mpaka uwe umewauliza yote.