Mjomba Alichagua Gari

Asubuhi moja, nikiwa Uswisi, nilitoka nilipolala na begi langu bila ya kujua nakwenda wapi. Ndivyo nilivyo; shule niliiacha mapema, njia haijaniacha. Stesheni palikuwa na treni, nje mabasi, na ng'ambo ya barabara mwenye kukodisha magari akanining'inizia funguo. Nikaduwaa, ndugu yangu, maana uchaguzi huo niliusikia ukibishaniwa nyumbani kwetu Sidab, kijiji cha wavuvi katika nchi ya Waarabu, nikiwa na miaka tisa.

Ilikuwa Ijumaa, miaka ya tisini, nyumba inanuka bizari na samaki wa kukaanga. Mjomba, aliyefanya kazi kiwandani Rusayl, alitandaza ramani ya Uswisi mkekani. Mkewe alitaka treni. Bibi hakujua Uswisi iko wapi, lakini alishaswali istikhara, kumwomba Mungu awachagulie lililo la kheri.

"Kwenye treni moyo wangu umetua," alisema, huku anamenya vitunguu thomu. "Kwenye gari nnauona unakataa."

Mjomba akacheka. "Mama, treni itanisimamia niswali? Itanipikia wali? Mie nimevuka mawadi yote ya nchi hii, mabonde yenye mafuriko ya ghafla, lami ya Wazungu ndiyo itakayonishinda?"

"Wadi likija unalisikia, mwanangu."

Mkewe akaikunja ramani pole pole.

Nikueleze desturi yetu. Hatukusafiri bila ya jiko dogo, sufuria, buli na mkeka nyuma ya gari. Swala ikiingia, unapindisha usukani tu, unaingia kwenye changarawe kando ya barabara, mnaswali, mnakula. Njia ya Qantab niliijua kwa pahala tulipopakulia wali. Mjomba alivitia vyote sandukuni, hata papa mkavu. Siku ya kuondoka, bibi aliwapitisha chini ya msahafu mlangoni. Mjomba alikuwa mrefu, akaugonga kwa kichwa, ikabidi arudi apite tena. Bibi alibaki pale mlangoni na msahafu wake mpaka magharibi.

Kila jioni mjomba alipiga simu. Siku ya nane simu haikulia.

Mkewe alirudi peke yake. Alasiri iliwakuta mlimani, alitusimulia. Mjomba alimwambia ashuke na mkeka, mwenyewe akapindisha usukani kuingia kando, kama afanyavyo kwetu. Kando ile ilikuwa theluji tupu. Chini yake hapakuwa na ardhi.

Tangu hapo hakuna wa nyumba yetu aliyesimama njiani. Wali tukaula ndani, na safari zikawa za kufika tu. Bibi hakusema hata siku moja, "Nilikwambieni." Angelisema, pengine tungelipumua. Wala hakumswalia tena mtu istikhara, hata tulipomwomba, mpaka alipofariki.

Basi nikapanda treni. Ikapita ndani ya mlima kwa muda mrefu, nami nimeshika kiti kwa mikono miwili. Mchana nikashuka mji mdogo nisioujua, nikapata chumba juu ya duka la mikate. Mama mwenye nyumba akafungua dirisha kwa fahari anionyeshe mlima, mweupe mpaka chini.

Nikamwomba chumba cha upande wa pili.