Siku Niliposema Kichagga Hakina Sarufi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka huona haya upya, ingawa sasa nina mvi hadi kwenye nyusi. Nilikuwa kijana, nimemaliza kidato cha sita, niko nyumbani Kirua Vunjo nasubiri majibu ya chuo. Akaja mama mmoja wa Kituruki, Elif, mtafiti wa lugha. Kiswahili alikijua. Alichokitafuta ni Kichagga chetu cha Vunjo, na watu wakamwelekeza kwa bibi yangu, aliyenilea tangu nikiwa mchanga. Mimi nikawa mkalimani.

Basi kila asubuhi tulikaa jikoni, Bibi akimenya ndizi, Elif akiandika. Na huyo mama alikuwa na maswali! Bibi akisimulia kwamba fulani alichuma kahawa, Elif hutaka kujua kwa nini jana kitenzi kilikuwa hivi na leo kimekuwa vile. Nikachoka. Siku ya nne nikamwambia kwa Kiswahili, Bibi akisikia, "Mama, andika tu 'alichuma'. Hiki ni Kichagga cha migombani, hakina sarufi kama Kiingereza."

Bibi aliweka kisu chini. Akajifunga kanga vizuri, akaenda kukata majani ya ng'ombe. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi siku ile nilijikwaa ulimi mzimamzima.

Tangu hapo hakutamka neno la Kichagga. Elif akiuliza, hujibiwa, "Mimi sina lugha, mwanangu, nina kelele tu." Hilo lilikuwa zito kwa Elif, maana alibakiwa na siku chache za kukaa kwetu. Lakini lililonikata maini ni kwamba hata mimi alinisemesha Kiswahili. "Umeamkaje?" "Karibu chakula." Kama mgeni aliyeshuka basi la Moshi mjini! Bibi aliyenibembeleza kwa Kichagga! Nililia, mwanangu, sikufichi.

Elif akaniuliza, "Kwenu mtu akimkosea mzazi hufanyaje?" Ikawa mgeni ndiye wa kunikumbusha mila zetu. Nikaenda mpakani mwa kihamba, shamba letu la ukoo, nikachuma jani la isale, nikalifunga fundo, nikampelekea Bibi kwa mikono miwili nimepiga magoti. Kwetu Uchaggani anayeomba msamaha kwa jani hilo hakataliwi. Bibi alilitazama weee, akalipokea. Kusamehe alisamehe, lakini kunisema alikuwa hajanisema bado.

Kwanza alimgeukia Elif. "Na kwenu, mwanangu, mnasemaje?" Elif akaeleza kwamba Kituruki huweka kitenzi mwisho, kwa hiyo ukimkatiza mtu hutajua fulani alifanya nini. Tena kitenzi chenyewe kinaweza kuonyesha kama jambo uliliona kwa macho yako au ulilisikia tu kwa watu. Bibi akapiga makofi. "Hiyo lugha ina adabu!" Kisha akanitazama. "Ungezaliwa huko, mjukuu wangu, ungelazimika kukiri kwamba maneno yako uliyasikia tu kwa watu. Sarufi yangu uliitazama lini?"

Siku zilizobaki nilikaa kitako kujifunza lugha niliyodhani naijua. Kumbe pale Kiswahili kinapotosheka na "alichuma", Kichagga chetu hutaka kitenzi kitenganishe lililofanyika leo, la jana, na la enzi za mababu! Elif akaniambia zipo lugha, Kichina kwa mfano, ambazo kitenzi hakibadiliki hata chembe. Wakati hujulikana kwa maneno mengine, na watu wanaelewana vizuri kabisa. Nilistaajabu, na mpaka leo nastaajabu. Binadamu ni walewale, masikio mawili na ulimi mmoja, lakini kila watu wamejijengea nyumba yao kwa namna yao, na sijaona hata moja inayovuja. Ukiona vyaelea, jua vimeundwa.

Na Bibi? Mchana uleule alioupokea msamaha wangu aliniita kwa Kichagga, kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani, niende nikale. Sijapata kula ndizi tamu kama zile.

Sasa nasikia huko Soweto ya Moshi mjini, mwanangu, unawaambia wenzako kwamba Kichagga ni lugha ya washamba. Sikugombezi, ujinga huo nilikutangulia. Nakuusia tu: usiipime lugha ya mtu kwa rula ya lugha nyingine. Iwe ya Mmasai, ya Mturuki au ya mama yako mzazi, kama huuoni mpangilio wake, uliza, tena uliza kwa heshima, kwa sababu vizazi na vizazi vimekaa vikiutengeneza. Na hii yetu isemee nyumbani kwako, watoto waisikie wakiwa bado mgongoni. Mungu akupe masikio yenye subira na ulimi usiomdharau aliyekulea. Na siku utakapokosea, maana utakosea tu, akujalie umkute aliyekulea bado yu hai, akupokee.