Kilio cha Somoe si onyesho

Leo kijijini Kitaya nimeona mtu akinyang'anywa kilio chake mchana kweupe.

Tumemzika mama yake Somoe, yule mwimbaji wetu wa jazi hapa Mtwara.

Mnaomfuatilia mnaijua ile sauti yake isiyo na maneno, inayopanda, ikakatika, kisha ikarudi imepasuka. Wengi mmeandika humu kwamba ameiiga kwa Wamarekani. Uongo! Ameipata kwa mama yake, aliyekuwa akiongoza vilio vya misiba pale kijijini. Mwenyewe hajawahi kuficha.

Basi, jeneza likatolewa ndani. Somoe akalia kama alivyofundishwa.

Simu zikainuka. Msibani, jamani!

Binamu yake, mtu mzima na ndevu zake, akamsogelea. "Dada, rudia pale mwanzo. Sikuwahi kurekodi."

Somoe akafumba mdomo.

Mama yake mdogo akamshika bega. "Lia, mwanangu. Waache hao."

"Siwezi, mama mdogo. Wananisikiliza."

Hakutoa sauti tena mpaka kaburi likafukiwa.

Msiniambie habari za kupenda sanaa. Hata fisi anapenda nyama.

Sasa video inazunguka. Ukiipata, ifute. Ukitaka kubisha, nipo hapa chini, njoo.

Mmoja wenu ameshanitumia, na maneno juu yake: "Mzee, hii ndiyo jazi halisi."

Si jazi, bwana. Ni mtoto anamlilia mama yake, na hakuachwa amalize.