Mlango Unaokimbia

Katika kliniki moja ya meno, ghorofa ya pili juu ya duka la rangi, kuna fundi ambaye kila mtu anamwita Bwana Maelekezo. Kazi yake ni kutengeneza meno bandia. Anamimina plasta kwenye kalibu, anapanga meno kwenye nta, jino moja moja, na mkono wake ni mwepesi kiasi kwamba nusu ya wazee wa mtaa ule wanacheka kwa kazi yake. Ila jina hakulipata kwa meno. Alilipata kwa gemu.

Tangu aanze kucheza gemu za kompyuta anajua waliozitengeneza wamekosea wapi. Ana daftari la jalada gumu ambamo ameandika kanuni zake, na ya kwanza ameipigia mistari miwili myekundu: gemu nzuri humfundisha mchezaji bila kumhubiria. Kwa kuifuata kanuni hiyo akatumia miaka sita kutengeneza gemu yake mwenyewe, yenye falme nne, aina saba za upepo, na kurasa kumi na tisa za maelekezo kabla hujaruhusiwa kusogeza mguu. Mkewe aliijaribu mara moja. Alifika ukurasa wa nane akakumbuka ana nguo za kuanua. Tangu siku hiyo, gemu ikitajwa tu, anakumbuka nguo.

Basi Daktari akaleta tableti ya chumba cha kusubiria, maana wagonjwa walikuwa wanakaa pale wakisikiliza mashine ya kutobolea meno hadi wengine wanaondoka kimyakimya. Alitaka gemu moja ya kuwatuliza. Itakayochezwa zaidi kwa wiki mbili ndiyo itakayobaki. Bwana Maelekezo hakuamini bahati yake. Miaka sita alikuwa anamtafuta mgeni mmoja tu wa kucheza gemu yake kwa hiari, na sasa analetewa watu wenye mashavu yaliyovimba, wasio na pa kwenda.

Tatizo lilikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, anayekaa mapokezi. Fundi mwenyewe ndiye aliyemfundisha ile programu ya kutengenezea gemu, siku moja ya mvua, ili apate walau mtu mmoja wa kumsifu. Shemeji hakumsifu. Alikaa nayo siku tano akatoka na gemu ya mgonjwa anayetaka kutoroka kliniki. Karani akiinamia kitabu unanyata kuelekea mlangoni, akiinua uso unaganda. Mgonjwa mwenyewe kachorwa kama kiazi chenye miguu. Maelekezo, hakuna hata neno.

Watu wakaing'ang'ania. Gemu ya falme nne ilifunguliwa mara chache, na kila ilipofunguliwa fundi alitoka mbio karakana yake akasimama nyuma ya mchezaji, akimwambia usibonyeze hapo, na hapo pia usibonyeze. Mwalimu mmoja aliyekuwa akiogopa sindano tangu asubuhi alirudisha tableti mezani akaomba aingie kung'olewa, hata kama si zamu yake.

Bwana Maelekezo akarudi kwenye benchi lake akaanza kusikiliza vicheko kupitia ukutani. Alivisikia hata visivyokuwepo. Kile kiazi, alijiambia, hakina hata kivuli. Roho ilimuuma kiasi kwamba seti nzima ya juu aliipangia machonge mawili, yote ya kushoto, na akagundua kosa tu alipokuwa tayari kuifunga kwenye kisanduku.

Alhamisi mchana shemeji alipotoka kwenda kula, fundi wetu akaifungua gemu ya kiazi. Alitaka kuiua kwa namna itakayoonekana ni uzembe wa shemeji mwenyewe. Akagusa kitu kimoja tu: mgonjwa akiukaribia mlango, mlango unasogea mbali. Hakuna atakayetoka tena. Daftari lake, kanuni ya kumi na moja, linasema gemu isiyo na ushindi ni maiti. Akanawa mikono, akakaa kungoja malalamiko.

Kwanza kulikuwa kimya, na kimya kile kilimnogea. Kisha kikalipuka kicheko ambacho hakijawahi kusikika kwenye nyumba ile. Akachungulia. Bibi mmoja, mdomo wazi, akionyesha meno ambayo fundi mwenyewe aliyapanga, alikuwa amegundua kwamba ukiupa mlango mgongo ukaondoka zako, unakufuata. Hilo fundi hakulipanga. Bibi aliuzungusha mlango chumba kizima kama mbuzi, akaupitisha nyuma ya karani, akauficha chini ya benchi. Waliomzunguka walimwomba aupeleke kwa Daktari akaung'oe. Hakuna aliyetaka tena kutoroka.

Shemeji alirudi akakuta watu wanampigia makofi. Daktari naye akatoka, glavu mkononi, akauliza nani aliyewaza mlango ule. Shemeji akatazama kioo cha tableti, akamtazama fundi aliyejibanza kizingitini. Programu ile, jengo zima, walikuwa wanaijua watu wawili.

"Kiazi ni changu," akasema. "Mlango muulizeni shemeji."

Nyuso zote zikamgeukia. Miaka sita alikuwa anazingoja nyuso hizo. "Ni wangu," akasema, na angeishia hapo angekula sifa hadi leo. Lakini akasogea mbele ya kioo, akainua kidole, akaanza kusema kwamba ili kuuelewa mlango, kwanza lazima waelewe upepo.

"Baba," bibi akamwambia bila kuinua uso, "sogea kidogo, unaniziba. Mlango unakuja."

Gemu ya kiazi ndiyo iliyobaki. Jioni, shemeji aliingia karakana akiwa ametundika mkoba begani, akaegemea mlango.

"Shemeji, ulitaka kuniharibia."

Fundi akajibu kwamba alitaka kuiboresha gemu.

"Basi kesho niharibie tena."

Shemeji alicheka akashuka ngazi, na kicheko kile kilimchoma kuliko vyote, kwa kuwa hakikuwa na kinyongo. Kutoka upande wa pili wa ukuta mgonjwa wa mwisho naye alikuwa akicheka, na Bwana Maelekezo alitega sikio kwa muda mrefu asijue kinachekwa kiazi au mlango. Kisha akafungua gemu yake ya falme nne, akaongeza ukurasa wa ishirini wa maelekezo, wa milango.