Kwetu Chai Si Chakula

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wengine walizaliwa na miguu ya kwenda. Mimi nilipewa ya kukunja. Nilipomaliza kidato cha nne nilinunuliwa cherehani, na leo iko karibu na dirisha la chumba tunachopanga Kiuu, pale Ruiru. Nashona sare za shule, sioni sababu ya kuvuka geti la ploti tunayoishi na wapangaji wengine. Mke wangu ndiye hutoka. Anafanya kazi kiwandani Thika na huondoka alfajiri, kwa hivyo binti yetu wa miaka mitatu huachiwa mimi. Namwita Mami, kwa sababu amepewa jina la mama yangu mzazi, na mtoto mwenye jina la mama yako huwezi kumgombeza ukafurahia.

Nilijisifia sana kazi ya kumlisha. Mke akirudi na kuuliza kama mtoto amekula, namwonyesha sahani. Sahani tupu haina ubishi.

Halafu Mami akaanza kupauka. Viganja vikawa vyeupe, akicheza kidogo anakaa chini, na mchana analala kama bawabu aliyekesha. Tukampeleka kliniki huko Thika, akapimwa, wakasema damu ni kidogo. Tukaelekezwa kwa daktari wa lishe, msichana mpole asiye na haraka.

"Baba, niambie jana alikula nini, tangu alipoamka."

Nikajibu kama mwanafunzi aliyeuona mtihani mapema. "Asubuhi yai la kuchemsha na viazi vitamu. Baadaye ndizi. Mchana githeri na sukuma. Jioni wali na ndengu."

"Alimaliza?"

"Sahani ilirudi safi."

"Nani aliisafisha?"

"Baba," akasema Mami, akiwa mapajani mwa mamake.

Daktari alilitazama tumbo langu, kisha kwa adabu akatazama dirisha. Mke wangu hakuwa na adabu hiyo.

"Kumbe hicho kitambi ni cha mtoto," alisema.

Nilicheka peke yangu. Na sikuwa nimedanganya. Mami akisukuma sahani nilidhani ameshiba, na githeri ya watu haitupwi.

"Na wewe Mami," daktari akamwinamia, "jana ulikula nini?"

"Chai."

"Wapi?"

"Kwa mama wa kuku. Na kwa shosho wa juu. Na kwa anko wa pikipiki. Na ya Baba."

Daktari akanigeukia. "Baba, hukutaja chai."

"Si uliniuliza chakula?"

Lilinitoka kwa moyo safi kabisa. Kwetu chai si chakula. Mgeni atakunywa vikombe na mkate juu, na bado utamwomba msamaha kwamba anaondoka bila kula. Tena mtoto akisimama mlangoni watu wakinywa, anamiminiwa yake. Kumnyima ni aibu ya kusemwa ploti nzima.

Daktari akaeleza taratibu. Chai inajaza tumbo dogo, chakula kinakosa nafasi. Na kile kidogo anachokula, akikiteremsha kwa chai, mwili haupati vizuri madini ya kutengeneza damu. Yai nampa, lakini chai inalifungia mlango.

Mimi hushona nikimtazama uani kutwa. Nilijua kila mahali alipo. Kilichopita kinywani mwake nilikuwa nakikisia tu, halafu nakiapia.

Tulipotoka nje mke akasema, "Ataenda Makongeni kwa mama yangu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka damu irudi. Wewe shona."

"Nipe hadi kipimo kijacho."

"Hicho kimoja tu," akasema.

Nikaanza kuzunguka milangoni kwa majirani, na kwa mtu kama mimi hiyo ni safari. Mama wa kuku akashangaa. "Mimi? Kakikombe kadogo tu, tena turungi, haina hata maziwa." Shosho wa juu akaumia kabisa. "Nimnyime mjukuu? Na simjazii." Yule wa pikipiki akasema, "Niaje fundi. Mimi humpa tu ile imebaki."

Kila mmoja alisema ukweli wake, na hakuna aliyejua ya mwenzake. Nilipoijumlisha nilishtuka upya: mtoto wangu alikuwa anakunywa chai kama genge la vibarua wa mjengo.

Wakakubali kuacha, nami nikaacha kumpa yangu. Ila hawakuweza kunywa mbele yake bila kumpa, kwa hivyo saa ya chai ploti ikawa inajifungia ndani, na joto lile. Mami akapita mlango hadi mlango, kisha akaja akasimama kando ya cherehani.

"Baba, wamenikasirikia?"

"Hapana. Wamelala."

"Wote?"

Hakuniamini. Alilia siku hiyo na iliyofuata. Halafu ikaja njaa, kitu ambacho sikuwahi kukiona usoni mwake, akaivuta sahani mwenyewe. Mimi nilikalia mikono nisiiguse.

Siku ya kipimo mke alitukuta kliniki akiwa na begi la nguo za Mami, zipu imefungwa. Makongeni mama mkwe alikuwa ameshatandika kitanda.

"Jana?" daktari akauliza.

"Yai nusu. Viazi alikula, ila kimoja alimpa kuku. Kwenye githeri alichagua maharagwe, mahindi akayaacha yote. Ndengu alimaliza, mwenyewe. Chai hakuna, lakini nilipogeuka alilamba kifuniko cha chupa ya chai."

Mke alinitazama kama anayesikia mgeni akiongea. Daktari akasoma majibu. "Haijafika tunapotaka. Lakini inapanda."

Tukatoka hadi barabarani, tusioenda popote kati ya wanaoharakisha. Mke alisimama na begi, akamtazama Mami viganja, kimoja kimoja. Kisha akanitundikia begi begani.

"Beba," alisema, akamshika mtoto mkono na kuelekea kwenye magari ya kurudi Ruiru.