Mjane Aliyeficha Sukari

Mwaka nilioanza kuandika igizo la redio nilikuwa fundi cherehani hapa Kilole, mjini Korogwe, na maandishi yangu niliyaandika juu ya meza ile ile ya kukatia vitambaa. Redio ndogo ya mji wetu ilikuwa imetangaza kwamba inatafuta mtu wa kuandika igizo la kila Jumamosi alasiri. Nikapeleka kurasa sita. Walipoziona wakaniambia nianze wiki ile ile, na kwa furaha nilirudi nyumbani kwa miguu, baiskeli yangu nimeisahau nje ya ofisi yao.

Mhusika wangu mkuu alikuwa mjane, na nilimpenda kupita kiasi. Alikuwa akiamka kabla ya jogoo na kuwachotea maji majirani. Shemeji yake alimnyang'anya shamba, naye akamsamehe kabla shemeji mwenyewe hajafikiria kuomba radhi. Akiibiwa kuku, alimwombea mwizi. Nilikuwa namwandika huku machozi yananitoka hadi kitambaa cha mteja kinalowa. Wasikilizaji hawakulia. Zilirushwa sehemu nne, na ujumbe ulioingia redioni ulikuwa mmoja tu, wa mtu aliyetaka kujua igizo likiisha watapiga muziki gani.

Sauti ya mjane ilikuwa ya mama mmoja muuza vitumbua wa Old Korogwe, sauti nzito, ya mtu aliyezoea kuita wateja toka ng'ambo ya barabara. Siku moja tulipomaliza kurekodi alinishika mkono.

"Fundi, usinichukie. Huyu mama nashindwa kumsemea. Nikifungua mdomo naona kama nasoma tangazo la msiba."

Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu, Jumamosi, nikaenda Handeni kumpelekea shangazi yangu gauni nililomshonea. Shangazi ni Mzigua, mkulima wa mahindi na muhogo, anaishi peke yake tangu wanawe waolewe. Nilimpelekea na kilo mbili za sukari, na kwa macho yangu nilimwona anaitia kwenye ndoo, anaifunika kwa kanga na kuisukuma uvunguni mwa kitanda.

Alasiri tukakaa barazani tunapukuchua mahindi, redio yake imening'inizwa kwenye msumari. Igizo likaanza. Alisikiliza kwa makini, kisha akauliza, "Huyu mwanamke hawashwi?"

"Hawashwi nini, shangazi?"

"Kuwashwa tu. Mgongoni, popote. Binadamu anawashwa." Akaendelea kupukuchua. "Mimi nikipata jirani wa namna hii, nahama."

Kabla sijajibu, akatokea mzee mmoja wa mtaa wa pili. Nikampa shikamoo, shangazi akamkaribisha kiti na kumletea chai. "Utatuwia radhi, baba," akamwambia. "Sukari imeisha. Siku hizi tunakunywa kavu."

Niliinamia mahindi yangu. Sikuthubutu kuinua uso.

Mzee alikunywa chai ile bila kulalamika. Kisha akasema amekuja kutoa habari: binti yake amejifungua mtoto wa kiume, na mara hii mtoto mzima, analia vizuri. Mimba tatu za kwanza zilikuwa zimeharibika. Alisema hivyo akitazama ndani ya kikombe. Shangazi aliweka gunzi chini. Alinyanyuka, akaingia ndani, nikasikia ndoo inaburutwa sakafuni. Akarudi na bakuli limejaa sukari.

"Kumbe ilikuwepo," akasema. "Macho yangu haya yamezeeka."

Akamtilia vijiko vitatu. Mzee akasema, "Inatosha, hata baba yangu hakunywa tamu hivi." Shangazi akaongeza cha nne. Mimi nilipaliwa na chai yangu mpaka wakanigonga mgongoni.

Jioni ile ile nilirudi Korogwe, na njia nzima nilikuwa nacheka peke yangu dirishani mwa basi. Abiria wa jirani alihamia kiti kingine. Kesho yake niliandika sehemu ya tano tangu asubuhi hadi adhuhuri, bila kula. Mjane akaficha sukari. Mjane akadanganya. Mjane akaiburuta ndoo. Niliposhika uzi huo sikuuacha: ule msamaha wa haraka wa shemeji yake nao nikaufuta. Nikamfanya mjane afanye mazoezi ya kumtukana, peke yake, njiani kutoka kisimani, akitafuta neno kali zaidi na zaidi. Kisha anakutana naye uso kwa uso, matusi yote yanampotea, na anajikuta anamuuliza mguu wa mama yake unaendeleaje.

Muuza vitumbua alipousoma muswada alikaa chini. Alicheka, akafuta macho kwa upindo wa kanga, akasema, "Huyu sasa namjua. Huyu ni mimi." Alirekodi yote mara moja, bila kukosea.

Ujumbe ulianza kuingia kabla igizo halijaisha. Mume mmoja wa Kilole aliuliza ni nani aliyewaambia habari za mke wake. Mwingine alisema mjane amefanya sawa kabisa, wageni wa siku hizi hawana kiasi. Wapo walioandika kwamba walilia pale aliposhindwa kutukana. Nilizisoma jumbe hizo nimesimama, kisha nimekaa, kisha nimelala chini ya meza ya cherehani. Wiki nne nzima nilikuwa nimewaonyesha wema wake na hawakuuona. Walianza kuuona siku walipojua kwamba unamgharimu, kwamba yeye pia anapenda sukari yake.

Jumatatu, mzee mmoja wa Old Korogwe alifika redioni na nusu kilo ya sukari kwenye mfuko wa karatasi. "Mpeni yule mama," alisema, akaondoka.

Furaha yangu ilikuwa na doa moja. Nilimwogopa shangazi. Nilikuwa nimeichukua siri ya uvungu wake na kuitangaza wilaya mbili. Nilikwenda Handeni nimebeba zawadi za kuombea msamaha, nikamkuta barazani, nikatoa shikamoo kwa sauti ya mkosaji.

"Marahaba, mwanangu. Nimemsikia huyo mjane wako," alisema. "Sasa ndiyo umeandika mtu." Akaniinamia, akashusha sauti. "Lakini ungemficha kidogo. Kila mtu hapa amemtambua. Ni yule jirani yangu wa nyuma, mchoyo yule."

Nilisema ni kweli, nimekosea. Wakati naondoka, jirani wa nyuma alinivizia kwenye ua na kuniambia, kwa huruma kubwa, kwamba nimemwaibisha shangazi yangu.

Baada ya miezi kadhaa nilimwandikia mjane mchumba, fundi wa pampu za maji, mwoga wa mbwa. Wasikilizaji walibishana juu yake kwenye magenge na vituo vya bodaboda. Mimi nikinunua nyanya nasikia watu wanamjadili, nazidi kuchagua nyanya nisizozihitaji. Tukatangaza kwamba Jumamosi inayokuja ni harusi. Siku ya kurekodi, asubuhi, tulikuta wanawake tisa wamesimama nje ya redio wamevaa kitenge cha sare moja. Walikuwa wametoka Magoma. Walikuwa na mkungu wa ndizi, ungo uliofunikwa kawa, na tetea mweusi aliyefungwa miguu.

Fundi mitambo wa redio aliwaeleza kwa adabu kwamba harusi ile si ya kweli.

"Tunajua ni mchezo, mwanangu," alijibu mkubwa wao. "Lakini mwanamke amehangaika yule. Hawezi kuolewa bila vigelegele."

Tuliwaingiza wote. Chumba kile ni cha watu wanne. Walijipanga ukutani, wengine wakasimama mlangoni. Muuza vitumbua alitamka kiapo chake akiwatazama, na sauti yake nzito ikakatika mahali ambapo sikuwa nimeandika ikatike. Bwana harusi, ambaye kwa kweli ni karani wa ghala la mahindi, alisahau maneno yake yote akabaki anasema "ndiyo, ndiyo." Wale akina mama wakapiga vigelegele mpaka sindano za kupimia sauti kwenye mitambo zikagota mwisho, na yule tetea akaanza kupayuka naye. Fundi mitambo alinigeukia kuuliza kama turudie.

Nikamwambia asiguse kitu.

Ilirushwa vilevile, na kuku wake. Tulipotoka nje wale wanawake walimzunguka muuza vitumbua, wakamfungia kanga mpya kiunoni, wakaanza kumfunda juu ya kuishi na mume mwoga wa mbwa. Naye, mwenye mume na watoto watano, aliinamisha kichwa, akawaitikia mmoja baada ya mwingine: "Asante, mama. Nimesikia, mama."