Pampu Tuliyoizima Mchana pale Nyakabere

Hakuna siku inayonirudia moyoni kama ile niliyokubali, pale Nyakabere, kuandika kwamba pampu yetu ilifanya kazi mpaka asubuhi, na kumbe tuliizima mchana.

Mwanangu, ulikuwa wakati wa vita. Wakimbizi walikuwa wakiteremka kutoka milimani, na mimi na mwenzangu Rubeni tulikuwa tumewachimbia kisima. Sheria ya kazi yetu ilikuwa wazi: kisima kipya kinavutwa maji mchana na usiku bila kupumzika, unapima jinsi maji yanavyoshuka ndani, kisha unapeleka ripoti ofisini, mjini Uvira. Kwa ripoti hiyo wakubwa waliamua ni familia ngapi ziwekwe pale.

Siku ile tuliwasha pampu asubuhi; mchana ikafika pikapu imebeba mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa. Dereva akaruka chini.

"Kaka, mazutu imeniishia! Munipe ya mashine yenu, ao huyu mama atazalia hapa ndani ya matope."

"Akizalia hapa, mutoto tutamwita Pampu," Rubeni akasema, tayari anazima mashine. Tukampa mafuta yote. Mama yule alijifungua salama Uvira, na mafuta yale sijayajutia hata siku moja.

Jioni nikamuuliza Rubeni tuandike nini.

"Andika ilizunguka mpaka asubuhi. Weye mwenyewe unaona maji iko mingi. Nani atavuka hizi risasi kuja kuangalia?"

Nikaandika, tena kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyesoma sekondari. Watu wakaletwa wengi. Hata dada yangu Vumilia nilimwita kutoka Luvungi: "Kuja na watoto, huku maji iko."

Kiangazi kilipofika, pampu ikatoa matope, kisha hewa tupu. Watu wakarudi kuchota mtoni Ruzizi, na kipindupindu kikaingia kambini.

Mwanangu, ukimwonea mtu huruma, msaidie. Halafu andika ukweli: tuliishia hapa, sababu ni hii, mafuta yakipatikana tutaanza upya. Nani angenifukuza kwa maneno hayo? Anayesoma ripoti hayuko kisimani; anaona kwa macho yako tu.

Mungu akupe mkono mwepesi wa kutoa, na akupe pia ujasiri wa kusema, "Hatukumaliza." Mimi sikusema. Vumilia, dada yangu pekee, alikunywa maji ya mto kwa sababu yangu, na tulimzika kiangazi kilekile.